Shangazi, Louisiana na dirisha lisilo na nondo

Niseme ukweli tu, mimi na makumbusho ya sanaa tulikuwa hatuelewani. Huu mwaka wa 6 niko Copenhagen, Denmark, na kila mgeni akija nampeleka kulekule kwenye sanamu ya nguva, tunapiga picha, tunakula soseji, tunarudi nyumbani. Makumbusho yananichosha. Dakika 40 tu miguu inauma na macho yameshiba, picha ya mia na ya mia na moja zote naziona kitu kimoja.

Sasa mwezi wa 6 akaja shangazi yangu kutoka Pangani, mwalimu mstaafu, mtu wa kuuliza maswali, na magoti yenyewe si mazuri. Nguva tulimmaliza siku ya kwanza. Akaniuliza, "Baba, hapa kwenu hamna kitu kingine cha kuangalia?" (Ananiita baba kwa sababu nimechukua jina la babu, babake yeye.) Basi nikakumbuka mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuniambia kuna makumbusho ya sanaa za kisasa pembeni ya bahari, Louisiana inaitwa, iko Humlebæk, kama kilometa 35 kaskazini mwa mji. Tukaenda Jumatatu. Jumatatu huwa pamefungwa, na mimi wala sikuangalia. Shangazi hakusema neno mpaka tunafika nyumbani, na wanaomjua wanajua hiyo ni mbaya kuliko kusemwa.

Jumanne jioni tukarudi, kwa sababu siku za katikati ya wiki wanafungua mpaka saa 4 usiku, na huku mwezi wa 6 jua linachelewa kuzama, yani saa 3 usiku bado unasoma gazeti nje. Treni ya kuelekea Helsingør inapita pwanipwani, ukipita stesheni ya Rungsted Kyst ujue hapo ndo kwao Karen Blixen, yule mama aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong kuanzia 1914 mpaka 1931, mtaa wa Karen kule Nairobi Wakenya wanaujua. Kazikwa hapohapo kwao chini ya mti. Nikamwonyesha shangazi kwa dirishani, akasema haya, twende.

Kutoka stesheni unatembea kama dakika 10 barabara ya kawaida tu, nyumba za watu, baiskeli, maua, halafu unakuta nyumba nyeupe ya zamani imetambaliwa na majani ukutani. Nikasema tumefika. Shangazi akaangalia juu akaangalia chini. "Makumbusho yako wapi? Hii si nyumba ya mtu?"

Na kweli ilikuwa nyumba ya mtu. Aliijenga bwana mmoja Alexander Brun mwaka 1855, mpenda nyuki na miti ya matunda, na hilo jina halihusiani kabisa na jimbo la Marekani. Huyo bwana alioa mara 3, na wake zake wote 3 waliitwa Louise! Mmoja baada ya mwingine lakini, si kwa pamoja. Shangazi alicheka pale mlangoni mpaka akashika ukuta. "Mwanamume kajipunguzia kazi, hata akiweweseka usingizini hakosei jina."

Aliyeigeuza makumbusho ni Knud W. Jensen, mfanyabiashara wa jibini, akafungua 1958. Nilivyosoma, aliwapa wasanifu wake, Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert, masharti machache tu. Nyumba ya zamani isibomolewe na ndo iwe mlango wa kuingilia. Chumba kimoja kifunguke kuangalia ziwa dogo lililoko nyuma. Halafu huko mwisho pawe na mkahawa juu ya ukingo, unatazama bahari na Sweden ng'ambo. Ukishayajua hayo unaelewa kwa nini jengo lenyewe huwezi hata kulipiga picha likakaa vizuri, maana halina sura ya mbele. Ni korido ndefu za chinichini zinazopinda kufuata miti, vioo upande huu, vioo upande ule, dari za mbao, kuta za matofali yaliyopakwa chokaa nyeupe. Shangazi alipitisha kiganja kwenye ile chokaa akanusa vidole kabisa. Sijui alitegemea harufu gani.

Kitu cha kwanza alichokisimamia kwa muda wala hakikuwa mchoro, kilikuwa dirisha. Kioo kutoka sakafuni mpaka juu, nje mti mkubwa matawi yameinama, nyasi, na kule chini maji. Akasogea, akachungulia pembeni ya fremu kushoto, akachungulia kulia.

"Hawana nondo?"

"Hawana shangazi."

"Na hizi picha zote za mamilioni?"

Nikamwambia kuna kamera na walinzi. Hakuridhika, tukaenda, lakini kila dirisha nikawa namwona anachungulia pembeni.

Hapo ndo na mimi nikaanza kushtukia kitu. Tumetembea kama nusu saa sijachoka. Kumbe ile nyumba inakupa vitu viwili vitatu vya kuangalia, halafu inakutoa kwenye korido unaangalia miti bure, macho yanapumzika, ndo inakuingiza chumba kingine. Ni kama mwenyeji anayejua kukaribisha, hakujazii sahani kabla hujamaliza iliyopo. Jensen mwenyewe alikuwa na msemo wake kuhusu maonyesho, kwamba yawe kama sauna, umpe mtu cha moto, yani msanii mkubwa anayejulikana, halafu cha baridi, yani asiyejulikana. Mi naona hata miti ile imo kwenye hesabu.

Sasa chumba cha Giacometti, mchongaji sanamu wa Uswisi. Unatokea kwa juu, kama roshani, unaangalia chini chumba kirefu cha ghorofa 2 na ukuta mmoja wote kioo, na nyuma ya kioo ndo lile ziwa, maji ya kijani, matawi yanagusa maji. Na mbele yake amesimama mtu wa shaba mwembamba kama kijiti, anatembea. Ni ya mwaka 1960. Miguu mirefu, nyayo kubwa nzito kama zimegandia kwenye udongo, ngozi imekwaruzwakwaruzwa, unaona mpaka alama za vidole vya aliyefinyanga kabla haijamiminwa shaba. Kichwa kidogo. Haangalii mtu. Mwanga wa ziwani unamtoka kwa nyuma kwa hiyo kila ukisogea hatua anakuwa mwembamba zaidi, kuna mahali ukisimama anabaki mstari tu.

Nilijua shangazi atasema kitu. Nilingoja.

"Huyu ana njaa au ana safari?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Hii ni kazi ya Kimakonde hii. Ile ya mashetani, umeiona? Ile wanayochonga mkono mrefu tumbo hakuna. Ila hawa wamemwekea dirisha." Halafu akakaa kwenye benchi na akakaa sana, nadhani robo saa nzima, magoti au sanaa mi sijui. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wanauza vitu vyao kwenye vibanda vimebanana ukutani, kichwa kwa kichwa, na mi nimepita pale mara ngapi sikuwahi kuona hata kimoja. Ukimpa kimoja ziwa zima nyuma yake je?

Chumba cha Yayoi Kusama, msanii wa Kijapani, kina foleni, mnaingia wachache wachache kwa muda mfupi. Ni kijumba kidogo, ukuta vioo vya kujitazamia, juu kioo, chini maji, wewe unasimama kwenye kijukwaa katikati, na vitaa vingi vya duara vimening'inia vinabadilika rangi taratibu. Mlango ukifungwa unapotea, huoni mwisho. Shangazi alinikamata mkono akasema Subhanallah, kimya, halafu kwa sauti ndogo kabisa, "Dagaa." Nilielewa palepale. Usiku wa giza ukisimama ufukweni Pangani unaona karabai za wavuvi wa dagaa zimejipanga kwenye maji mpaka huko mbali, na zile za chini za kwenye maji hujui ipi taa ipi kivuli chake. Tulitoka nje hatujapiga picha hata moja, na watu wote huwa wanaingia mle kwa ajili ya selfi.

Sipendi kila kitu pale, msije mkaniona nimelipwa. Sehemu ya chini, ile waliyoichimba chini ya nyasi mwaka 1991 ili majengo yaungane mduara bila kuziba bustani, naelewa akili yake ila mi nilijisikia niko stoo. Hamna dirisha, unarudi kuwa makumbusho ya kawaida. Shangazi alisema kuna baridi, tukapita haraka.

Nje sasa. Mbele ya mkahawa kuna uwanja wa nyasi na vyuma vya msanii Calder vilivyopakwa rangi, vinazungushwa na upepo wa baharini, vinasimama, vinageukia upande mwingine kama vimekumbuka kitu. Shangazi alitafuta mota. Chini kidogo kuna sanamu ya Henry Moore, mtu amejilaza vipande viwili, katikati yake unaona bahari, na kwenye korongo la kushuka ufukweni Richard Serra kasimamisha mabamba ya chuma cha kutu, ukipita pale kati unajihisi uko mlangoni na hamna nyumba. Tukakaa kwenye nyasi. Shangazi akatoa kashata kwenye mkoba, alizozileta kutoka nyumbani, tukala tukiangalia ng'ambo.

"Kule ndo Sweden?"

"Ndo Sweden."

"Kama Bweni tu." Nikamwambia shangazi, Bweni ni ng'ambo ya mto pale Pangani, unavuka na pantoni hujamaliza hata salamu, hapa ni kilometa na kilometa. Akasema alichosema ni kwamba inafanana, hakusema ni karibu. Mwalimu ni mwalimu. Magharibi ilikuwa bado, saa 3 na nusu usiku hiyo, akalalamika kwamba hii nchi inachelewesha watu kuswali.

Karudi Pangani mwezi wa 7. Kwenye simu yake kulikuwa na picha 61 za siku ile, nimezihesabu mimi mwenyewe nikimhamishia, 40 na kitu ni madirisha. Yule mtu wa shaba yumo kwenye moja tu, tena kakatwa kichwa.

Sasa hivi anajenga chumba cha nyuma, upande unaotazama mto. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 7, huko nyuma unamsikia fundi anabisha. Shangazi anataka kioo kimoja kikubwa kianzie chini kabisa, mtu akiwa amekaa mkekani aone maji na mnazi uliopo pale. Fundi anasema sawa mama, lakini nondo lazima, bila nondo yeye hajengi, wezi wakiingia lawama itakuwa yake. Shangazi anamwambia Ulaya wameweka vitu vya mamilioni hawana nondo. Fundi anamuuliza, sasa mama, wewe utaweka na walinzi?

Nimeambiwa niamue mimi. Sijajibu bado.