Askari alipiga simu, hakutoa pingu

Jamani, juzi hapa mtaa wa Belltown, Seattle, Marekani, jamaa mmoja asiye na makazi kakamatwa na dawa za kulevya kidogo tu, za kutumia mwenyewe. Nikajua huyu leo analala ndani. Wapi! Askari kapiga simu, kaja dada mmoja na kikombe cha kahawa. Swali lake la kwanza: "Umekula?"

Huo ndio mpango wa LEAD, ulioanzia hapa hapa Belltown mwaka 2011. Badala ya mahabusu, mtu anakabidhiwa mhudumu wa kumtafutia pa kulala, kitambulisho, matibabu ya uraibu. Halazimishwi kuacha dawa kwanza, na hapo ndipo wengi wananuna. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walisema mwaka 2015 kwamba uwezekano wa hawa kukamatwa tena ulikuwa chini kwa 58% kuliko wenzao waliopitia njia ya kawaida.

Nyumbani Tanzania tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002, mtu anafyeka nyasi badala ya kufungwa. Ila hiyo mpaka hakimu aamue, na huenda mtu keshasota rumande. Huku askari anaamua pale pale barabarani.

Wanasheria wa humu, nini kinazuia polisi wetu kufanya hivi kwa mwizi wa kuku?