Mnangoja nini? Siku yangu moja kwenye gari la wagonjwa

Saa kumi na moja alfajiri nimeshatoka. Ukitokea Gongo la Mboto na ukachelewa daladala za mwanzo, utasimama njia nzima, na mimi kazi yangu inataka mgongo.

Saa moja kamili nakabidhiwa gari. Kabla ya chai nakagua: mtungi mkubwa wa oksijeni na ule mdogo wa kubebea, mashine ya kunyonya mate na damu, ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, ya mtu mzima na ya mtoto, kola za shingo, kipimo cha sukari na vijiti vyake. Kila kitu nakiwasha, nakifungua, nakisikiliza. Kuna siku nilikuta kwenye daftari pameandikwa "oksijeni ipo". Kweli mtungi ulikuwepo, mtupu. Tangu hapo tiki ya mtu mwingine siiamini.

Tuko watatu: mimi mhudumu wa dharura, muuguzi, na dereva wetu ambaye sote tunamwita Mzee Tanga. Mtaani tuna majina mawili tu. Mgonjwa akiwa anapumua sisi ni "manesi", akiwa ametangulia sisi ni "wabeba maiti". Siwalaumu sana, fani yenyewe bado changa. Hata idara ya kisasa ya dharura pale Muhimbili imefunguliwa 2010, na huku barabarani ndiyo kabisa watu hawajatuzoea. Mjamzito anapigiwa 115 bure. Aliyegongwa na gari, ndugu zake wanaanza kuulizana kwenye kundi la WhatsApp nani ana namba ya ambulensi.

Asubuhi yote: mzee wa figo, anayesafishwa damu kwa mashine, tukampeleka, tukamrudisha, na mama mmoja tukamhamisha hospitali. Saa sita nikanunua chapati mbili, nikala moja.

Saa saba na nusu ikaingia simu. Bodaboda na lori, Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni.

Tulipofika watu walikuwa wameshamwingiza kijana wa bodaboda nusu kwenye bajaji, mguu unaning'inia nje. Mmoja anamnywesha maji, mwingine anavuta helmeti kama anayefungua sufuria iliyogoma. Huruma tupu, na kila mkono pale ulikuwa unamuumiza. Mzee Tanga akaliegesha gari mshazari ili magari yasitufikie, maana mwokoaji akigongwa naye ni mgonjwa wa pili. Nikavaa glovu, nikaomba nafasi, tukamlaza chini kwenye lami.

Damu ilikuwa inatoka chini kidogo ya goti, inaruka kwa mapigo. Nikaweka gozi, nikaikandamiza kwa viganja viwili na uzito wangu wote. Haikukata. Nikatoa mkanda wa kubana damu, nikaufunga pajani, kwa sababu kwenye goti lenyewe haubani kitu. Nikazungusha kijiti mpaka damu ikasimama. Kijana akapiga yowe la kupasua masikio. Watu wakaguna, mimi nikashukuru: anayepiga yowe lile, hewa inapita.

Hapo ndipo akajitokeza kaka mmoja wa shati la bluu, simu juu, anarekodi.

"Nyie mnangoja nini? Si mumpeleke hospitali! Mtu anakufa mnamchezea!"

Sikujibu. Muuguzi alikuwa anahesabu pumzi, mimi natafuta kola ya saizi yake.

"Wanasubiri hela hao! Bila hela hawaondoki!"

Umati ukaanza kuitikia. Kuna mkono ukanivuta begani. Nawaambia ukweli, hapo nilitamani kuacha kazi. Nikamtazama yule kaka nikamwambia, "Kaka yangu, weka simu mfukoni. Piga magoti hapa. Mshike kichwa, mkono huku na mkono huku, asigeuke hata kidogo." Sijui kwa nini alitii. Akapiga magoti na suruali yake safi kwenye damu, akashika, mikono inamtetemeka. Tukatoa helmeti polepole, tukavalisha kola, tukamlaza kwenye ubao, tukamfunga mikanda. Mwingine nyuma akapaza sauti, "Mpelekeni basi!" Shati la bluu akamgeukia: "Subiri wewe! Huoni watu wanafanya kazi?"

Dakika tisa tulikaa pale. Bila hizo dakika tisa, tungekuwa teksi yenye taa.

Saa ya kufunga mkanda lazima iandikwe, kwa sababu ukipita saa mbili misuli inaanza kuharibika. Nikaandika 13:52 kwenye plasta. Kwenye karatasi siandiki saa saba na dakika 52. Daktari akisoma 7:52, ataamini mguu umebanwa tangu asubuhi.

Halafu foleni. Barabara ya Uhuru, king'ora kinalia, daladala hazina pa kwenda hata zikitaka. Mzee Tanga anapenya sentimita kwa sentimita, na nyuma yetu limejibandika Prado jeusi linalofuata mwanya wetu. Kila tukipata upenyo, nalo limo. Mzee alilitaja kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nyuma, oksijeni kwenye damu ya kijana ilikuwa imepanda kutoka asilimia 91 hadi 96. Kijana akawa anauliza swali moja tu, tena na tena: "Pikipiki iko wapi? Dada, ni ya mkataba ile." Alibakiza miezi mitatu iwe yake.

Hospitalini hakukuwa na kitanda. Nikamkabidhi kwa mdomo: nini kimetokea, nini nimekiona, nini nimefanya na saa ngapi. Lakini machela yetu ikabaki na mgonjwa kwenye korido, na bila machela hatuendi popote. Tukasimama, tukasimama.

Kuanzia hapo saa sikuzitazama tena. Tuliosha gari kwa maji ya klorini. Ile chapati ya pili ilikuwa imekauka, nikaila.

Jua lilikuwa limeshuka tulipoitwa Tandika. Bibi haamki, ubani unafuka chumba kizima, wanawe wanasema ni mapepo. Nikamchoma kidole: sukari 1.8, imeshuka mno. Alimeza dawa zake za kisukari na hakula. Kumpa soda mdomoni mtu asiyejitambua ni kumpalia, kwa hiyo muuguzi akatafuta mshipa, akasukuma sukari taratibu. Baada ya dakika chache bibi akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kaingiza watu na viatu chumbani kwangu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Viatu vyenyewe vilikuwa na damu ya Mandela kwenye kamba.

Nilikabidhi gari giza limeshaingia, nikaandika kwenye daftari: mikanda ya kubana damu, umebaki mmoja. Niliposhuka kwenye daladala, kijana wa bodaboda akaniwahi: "Nesi, panda, buku tu." Nikamuuliza helmeti ya abiria iko wapi. Akacheka.

Nikatembea.