Tahina, mti unaochanua mara moja tu maishani

Jana nimekaa mpaka saa saba usiku naangalia picha za mti wa Madagaska unaitwa Tahina spectabilis, na leo lazima niuandike hapa maana toka asubuhi uko kichwani tu.

Iko hivi. Kuna Mfaransa alikuwa anasimamia shamba la mikorosho kule kaskazini magharibi, wilaya ya Analalava, katika kutembeatembea na familia yake wakakuta mti wa jamii ya mnazi ambao hawajawahi kuuona popote, shina linafika mita 18, jani lake lina umbo la upepeo kama la mvumo ila upana wake mita 5 jamani, mita tano jani moja!! Sasa waliporudi safari nyingine, kileleni kumechomoza mkungu mkubwa ajabu, matawi kwa matawi, vijiua vidogo huwezi kuvihesabu, asali inachuruzika, wadudu na ndege wamejaa. Wakapiga picha.

Picha zikamfikia John Dransfield wa bustani ya Kew, Uingereza, mwishoni mwa 2006. Huyu mzee ameitafiti michikichi na jamii zake za Madagaska miaka na miaka na bado huu hakuwahi kuuona. Mtafiti wa Kimalagasi, Mijoro Rakotoarinivo, akaenda mwenyewe porini kuchukua sampuli, na zilivyopimwa vinasaba ikaonekana sio spishi mpya tu, ni jenasi mpya kabisa, yaani kundi zima la spishi zinazofanana, ndugu zake wa karibu wako Uarabuni, Thailand na China huko. 2008 ikatangazwa rasmi. Jina ni la binti wa ile familia, na kwa Kimalagasi Tahina maana yake aliyebarikiwa, aliyelindwa.

Kinachoniuma ni kwamba ukishachanua na kuzaa, nguvu yote imeishia kwenye maua na matunda, mti unakauka unakufa. Na walipohesabu porini haikufika hata mia moja. Nashukuru wanakijiji waliunda kamati ya kuilinda, mbegu zikauzwa kwa bustani na wapenzi wa mimea nje ya nchi, hela ikarudi kijijini, hapo kwangu ndo kazi kubwa kuliko hata kuupa jina la Kilatini.

Ule wa kwenye picha za mwanzo ulishakufa. Nimeihifadhi kwenye simu ile picha ya maua yake.