Njia mbili zilimshinda fisi: kutengeneza filamu ya dunia mbili Bagamoyo

Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kulia na kushoto, akatanua miguu apite njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Filamu za dunia mbili, zinazoonyesha maisha mawili ya mtu mmoja yaliyoachanishwa na uamuzi mmoja, zinamhurumia yule fisi. Zinampa miili miwili, mmoja uende kulia na mwingine kushoto, na sisi watazamaji tunacheka kwa sababu tunajua jambo ambalo fisi wote wawili hawalijui.

Aina hii ya filamu inawafaa sana vijana wa Bagamoyo, wawe wanasoma TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) au wana simu moja na mwenzao wa kuishika. Haihitaji gari la kulipua wala kompyuta ya bei mbaya. Inahitaji nidhamu, na sheria yake kubwa ni hii: uamuzi wa mtu ubadilishe kile tu unachoweza kukifikia. Mhusika wetu, tumwite Mwanaidi, akikosa basi, siku yake itabadilika, na ya mama muuza vitumbua pia. Adhana haitabadilika. Kama adhuhuri iliadhiniwa wakati anakimbilia basi katika dunia ya kwanza, basi katika dunia ya pili iadhiniwe dakika ile ile. Watengenezaji wengi wanaanguka hapa. Wanapata uhuru wa kuumba dunia mpya, wanabadilisha kila kitu, na mtazamaji anabaki hana pa kushika.

Anza na tukio la njia panda, na liwe dogo. Krzysztof Kieślowski wa Poland alimaliza filamu yake ya *Przypadek* mwaka 1981 (ikazuiwa hadi 1987): kijana anakimbilia treni, na maisha yake yanakwenda njia tatu. *Sliding Doors* ya 1998 nayo ni mwanamke na treni ya London. Mwaka huo huo Tom Tykwer wa Ujerumani alitoa *Lola rennt*, ambamo binti ana dakika 20 za kutafuta marki 100,000, na mbio zake tunaziona mara tatu. Zote zimesimama juu ya sekunde chache za kuchelewa, na kuna sababu. Kamera inaona kuchelewa. Haioni "niolewe au nisiolewe", kwa sababu uamuzi wa namna hiyo unafanyika kichwani kwa miezi, una mashangazi na mahari ndani yake, na hakuna fremu moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ni hapa.

Kwa hiyo tumpeleke Mwanaidi stendi. Amenunua vitumbua vya shilingi 800, ametoa noti ya 1,000, na basi la Dar es Salaam limeshawasha moto. Mama anapekua chenji kwenye kopo. Mpiga debe anagonga bodi. Je, asubiri shilingi 200 zake au aziache? Hapo una filamu nzima, na hata mtoto wa darasa la pili ataelewa nini kinashindaniwa.

Kipande hiki kirekodiwe kwa utaratibu. Weka simu au kamera kwenye tripodi, funga mwanga, fokasi na rangi ili vifaa visijirekebishe vyenyewe. Chora kwa chaki mahali pa nyayo za Mwanaidi, za mama na pa kikaango. Rekodi sehemu ya pamoja hadi kiganja cha mama kinapotoka kwenye kopo na sarafu. Rekodi anachukua. Kisha, bila kusogeza mguu wa tripodi, warudishe wote kwenye chaki na urekodi anaacha. Vipande vyote viwili vikamilike ndani ya nusu saa, maana kivuli hakisubiri. Ukiacha cha pili mpaka baada ya chakula cha mchana, vivuli vitakuwa vimegeukia upande mwingine, na mtazamaji atadhani yule dada alifikiria zile shilingi 200 kwa saa tatu.

Sasa alama ya kutofautisha dunia. Mtazamaji wa kwetu akiona sura moja mahali pawili, wazo la kwanza ni pacha, la pili ni jini. Ni mawazo mazuri, Bongo Movie imeyalea kwa miaka, lakini hapa yatakuharibia kazi. Unahitaji alama inayoonekana kwa jicho moja, na alama bora huzaliwa na uamuzi wenyewe. Ndani ya *Sliding Doors*, mwanamke aliyekosa treni anaporwa na kuumia, hivyo anabandikwa plasta kwenye paji la uso. Aliyewahi anamfumania mpenzi wake, baadaye anakata nywele. Plasta na nywele fupi hazikutoka hewani. Zimetokana na ile treni.

Kwa Mwanaidi alama itakuwa khanga. Ametoka nyumbani na khanga yenye jina "Ngoja ngoja yaumiza matumbo". Katika dunia anayosubiri chenji, basi linaondoka, tairi linaingia kwenye dimbwi, anarushiwa tope kiunoni. Mama vitumbua anamwazima khanga yake: "Kawia ufike". Aliyewahi basi anabaki na ile ya kwanza. Kichekesho kinajipika: basi linaharibika njiani pale Mapinga, na mwanamke aliyeandikwa "Ngoja ngoja yaumiza matumbo" ndiye anayekaa kivulini kungoja fundi.

Nunua doti mbili zenye rangi zinazoachana kwa mbali, kwa mfano nyekundu na bluu. Ukiwa na doti nzima, kipande kimoja kikichafuka kwenye tope una kingine cha kurudia. Rangi itafanya kazi picha zikiwa za mbali, jina litafanya kazi karibu. Kumbuka jina hukaa chini ya mji (sehemu ya katikati ya khanga), juu kidogo ya pindo, hivyo khanga ikifungwa kiunoni linaangukia nyuma. Kamera iwe kwa nyuma, urefu wa kiuno, hatua mbili tu kutoka kwake, na Mwanaidi asimame walau sekunde tatu ili lisomeke. Akitembea, mikunjo inameza nusu ya maneno.

Wengine hutofautisha dunia kwa kupaka rangi picha nzima. *The Matrix* ya 1999 iliipa dunia ya bandia ukijani, na ilifaulu kwa sababu nguo, kuta na taa vilipangwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Ukimwaga bluu juu ya picha ya simu wakati wa kuhariri, ngozi zetu zinakuwa za majivu na Mwanaidi anaonekana mgonjwa katika dunia ambayo hana hata mafua. Rangi iwekwe kwenye vitu.

Ufukwe una mtego wake. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na kila siku yanachelewa kwa takribani dakika 50. Ukirekodi dunia ya kwanza saa nne asubuhi mchanga ukiwa mkavu, ukarudi baada ya wiki moja saa ile ile, utakuta bahari iko pale aliposimama mwigizaji. Mtazamaji makini ataamini kwamba kuacha chenji kunajaza bahari. Rekodi dunia zote mbili siku moja, au rudi baada ya siku 14 au 15, maji yatakuwa karibu na hali ile ile kwa saa ile ile.

Ikiwa hadithi inataka akina Mwanaidi wawili wakutane, waweke kwenye mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mfaa, ule mti wa katikati, unaigawa fremu kwa wima na ndiyo mahali pa kuficha mshono. Rekodi Mwanaidi wa kushoto, mwenzenu mmoja akisimama kulia ili macho yawe na pa kuangalia. Badilisha khanga. Rekodi wa kulia. Mkono usivuke mfaa, wala kivuli. Kisha nyamazeni wote, mrekodi sauti ya mahali kwa dakika moja. Hiyo ndiyo itakayolazwa chini ya vipande vyote viwili ili bodaboda asikatike katikati. Mnazi usiutumie kama mshono, makuti yanacheza na upepo na siri inafichuka.

Kuhusu idadi ya dunia, kuwa mchoyo. Ukiweka chaguo tano za njia mbili mbili, na kila njia ikaendelea peke yake, utahitaji vipande 62 ili kufikia miisho 32. Radúz Činčera na wenzake wa Chekoslovakia walilijua hilo. Filamu yao, Kinoautomat, iliyoonyeshwa Expo 67 kule Montreal mwaka 1967, iliwapa watazamaji vitufe viwili, chekundu na kijani, wapigie kura hatua inayofuata. Lakini njia zilizoachana zilirudi kukutana, na nyumba iliungua tu, mpigie kura mnavyotaka. Kwa mtindo huo chaguo tano zinataka vipande 10. Kwa filamu ya dakika kumi, dunia mbili na makutano mawili yanatosha kabisa.

Sheria ya kufikia inafaa hata ukitaka kubadilisha historia. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na moja ya sababu ni kwamba meli kubwa hazikuweza kusogea pwani ya Bagamoyo. Basi badilisha kina cha maji peke yake, kisha fuata matokeo: bandari, reli, wizara, foleni kutoka Kaole mpaka Magomeni ya Bagamoyo, na watu wa Bagamoyo wanaokimbilia Dar es Salaam mwisho wa wiki kula samaki kwa utulivu. Magofu ya Kaole yaache kama yalivyo, yalikuwapo karne nyingi kabla ya Mjerumani. Kusi na kaskazi nazo ziendelee kuvuma kwa zamu.

Ukianza kuhariri, kamilisha dunia moja hadi mwisho, kisha ya pili, ndipo uzisuke pamoja. Majina ya vipande yaanze na herufi ya dunia, A03, B03, vinginevyo utamvalisha Mwanaidi khanga isiyo yake usiku wa manane. Ikishasukwa, waonyeshe watu watatu ambao hawajasoma mswada. Simamisha picha ghafla mahali popote na uulize: huyu ni aliyechukua chenji au aliyeiacha? Wakisita, usiongeze msimulizi wa kueleza. Rudi stendi na tripodi, upige tena ile picha ya mgongo.