IST ya "kadi ipo kwa shemeji"

Jamani, jana nimeenda Kinondoni kuangalia gari, Toyota IST ya mkononi. Benki walishanigomea mkopo: kuna mkopo wa simu wa 2022, shilingi 80,000 tu, niliupuuza, kumbe umeganda kwenye taarifa zangu za mikopo kama doa la bibo kwenye kanzu. Nikaona bora nilipe kidogo kidogo kwa mwenye gari.

Injini tamu, AC inagandisha. Kumuulizia mwenye gari kadi ya usajili: "Ipo kwa shemeji."

Mh! Nikaangalia namba ya gari kwenye simu palepale. Faini za trafiki tatu, maegesho nayo hayajalipwa. Kumbe wadaiwa tumekutana! Tukacheka, akaninunulia soda.

Nimerudi na daladala ya Mbezi, nimesimama hadi Kimara.