Siku Mana Ilipokoma

Wapendwa katika Bwana, salamu kutoka Goma. Niliombwa juma hili niandike juu ya kuingia msimu mpya wa maisha, na nilikuwa nimeshaandaa kitu kizuri, chenye aya nyingi za kutia moyo. Nimekiacha. Kilichoniharibia ni safari moja ya bandarini.

Majuma matatu yaliyopita tulimsindikiza kifungua mimba wetu apande boti ya kwenda Bukavu. Amemaliza masomo ya uuguzi, na kituo kimoja cha afya huko kimemwita kazini. Mnaijua bandari yetu asubuhi. Wabebaji wanagombania mzigo wako kabla hujaushusha kwenye pikipiki, akina mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanapita na mabeseni kichwani, kila mtu anapiga kelele kwamba boti inaondoka, nayo haiondoki. Godoro lake nililifunga mimi mwenyewe kwa kamba ya nailoni. Nikalifungua, nikalifunga tena. Mama yake aliniangalia tu.

Alipofika kwenye ubao wa kupandia aligeuka, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa, kule sijui mtu hata mmoja. Nikiugua nitamwita nani?"

Yoshua 1:9 ilikuwa mdomoni. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, aya hiyo naweza kuisema usingizini. Lakini honi ililia, kijana wa boti akamshika mkono, nami nikajikuta nimesema: "Mama, vaa jile yako vizuri." (Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu mzazi. Jile ni lile koti la kuelea majini.) Ndiyo baraka ya baba aliyoondoka nayo. Vaa jile yako vizuri.

Nilirudi nyumbani kwa mguu, nikafungua Yoshua na kuanza mwanzo, si pale kwenye aya ya tisa tunakopenda kukimbilia.

Kitabu kinaanza na tangazo la msiba. "Musa mtumishi wangu amekufa, haya basi, ondoka, vuka mto huu wa Yordani." Hakuna neno la kulainisha. Israeli walikuwa wamemlilia Musa siku 30 huko Moabu, siku za kilio zikatimia, na Mungu anasema "haya basi". Hilo neno nalijua. Ndilo analolisema mzee siku ya kuondoa matanga, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusimama. Hasemi uchungu umeisha. Anasema tu haya basi, na watu wanaanza kutafuta viatu vyao.

Natoa hili mapema kwa sababu "msimu mpya" siku hizi limekuwa neno la mabango. Kila Januari tunaambiwa huu ni mwaka wa kuvuka. Sipingi, na mimi huitikia amina kama wengine. Lakini hapa kwetu watu wengi wameingia msimu mpya wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna bango lililowatangulia. Yoshua naye hakuuchagua msimu wake. Alifiwa, akaambiwa avuke.

Binti yetu huyu alikuwa tumboni Januari 2002. Waliokuwepo tarehe 17 hawahitaji nieleze. Kwa wadogo: mlima wa Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka katikati ya mji hadi ziwani, ukala nyumba, maduka, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege. Tulikimbilia Gisenyi, mke wangu akiwa na mimba ya miezi mitano. Tuliporudi, kiwanja chetu hakikuonekana. Nilitafuta mti wa avoka uwe alama yangu, haupo. Nilitafuta choo, hakipo. Mawe meusi tu, na mvua ikinyesha yalitoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Mke wangu alisimama pale juu, mkono kwenye tumbo, akauliza: "Tutajuaje kwamba hapa ni kwetu?"

Hatukujua. Tulikadiria kwa macho, tukabishana na jirani, tukapatana, tukasimamisha nyumba ya mbao juu ya jiwe. Baadaye niliyapasua mawe yale yale kwa nyundo, nikaponda vidole viwili, tukajenga ukuta. Mei 2021 mlima ulipowaka tena tulikimbilia Sake, na safari hiyo binti yangu ndiye aliyembeba mdogo wake. Tuliporudi ukuta ulikuwa umesimama. Nimeutolea ushuhuda kanisani ukuta huo, tena si mara moja. Ile miezi ya katikati, baada ya 2002, tulipoomba kila siku na tusihisi kitu chochote, sijawahi kuitolea ushuhuda. Sikujua niuanzie wapi.

Sasa sura ya tatu. Makuhani wanatangulia na sanduku la agano, na watu wanaagizwa waache nafasi ya dhiraa elfu mbili, karibu kilomita moja. Watoto nilikuwa nawafundisha kwamba ni heshima, kwa kuwa sanduku ni takatifu. Heshima imo. Ila aya yenyewe inataja sababu yake: "mpate kuijua njia mtakayoiendea, kwa maana hamjapita njia hii bado." Umati ule wote ungelizonga sanduku, wa mbele wangeliona na wa nyuma wangeona migongo ya wenzao. Sisi tunajua inavyokuwa mkubwa akipita barabarani: anayeona ni yule aliyewahi. Nafasi ile iliachwa ili hata bibi wa mwisho kabisa, anayekuja na fimbo na mjukuu, aone linakoelekea. Umbali wa Mungu nilioulalamikia miezi ile ya mawe ya moto, huenda kuna mtu nyuma yangu aliyekuwa anauhitaji ili aone njia. Sijui. Nauacha hapo.

Na maji hayakurundamana pale makuhani walipokanyaga. Someni polepole: yalisimama mbali sana, huko Adamu, mji ulio kando ya Sarethani, tena wakati wa mavuno, mto ukiwa umefurika kingo zake zote. Waliovuka kuelekea Yeriko waliona mto umekauka mbele yao. Rundo la maji hawakuliona. Ni kama bomba la mtaa wetu. Wewe unaona bomba limekauka, aliyefunga yuko mahali usipopajua, na siku akifungua hupigiwi simu. Faili la binti yetu lilikaa miezi tisa kwenye meza fulani. Halafu siku moja simu ikalia, aje. Nani aliligusa faili lile, hatujui hadi leo.

Sura ya nne, ya yale mawe 12, naipita makusudi. Mhubiri wa Jumapili amenisihi nisimmalizie.

Nilichotaka kuwaambia kiko sura ya tano, na nakiri nilikuwa nakiruka kila mwaka. Wamevuka, wametahiriwa, wamefanya Pasaka pale Gilgali. Kesho yake wakala mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na nafaka za kukaanga. Na mana ikakoma. Basi. Miaka 40 ya chakula kilichoanguka kila asubuhi isipokuwa siku ya Sabato, na kukoma kwake kumeandikwa katika aya moja, bila ngoma wala kilio.

Nimekuwa nikimfikiria mama mmoja katika kambi ile, aliyezaliwa jangwani, ambaye hajui asubuhi ya namna nyingine. Ameamka mapema, maana jua likipanda mana huyeyuka. Amechukua chombo chake cha kupimia, ametoka nje ya hema. Ardhi tupu. Anageuza jiwe, labda imejificha chini. Anachungulia upande wa jirani, labda kwake imeanguka. Jirani naye amesimama na chombo mkononi, anachungulia upande wake. Biblia haisemi waliambiana nini. Mimi nadhani wapo waliosema: Bwana ametufikisha huku, akarudi.

Na nyuma ya hema kuna gunia la nafaka ya jana. Inataka kupepetwa, kusagwa, kukandwa, kuwashiwa moto. Kwa mana alihitaji kuinama na kuokota. Aliyetoa mana jana ndiye aliyetoa nafaka leo, lakini nafaka haishuki na umande ukashangaa. Inaleta malengelenge mikononi. Ukiwa umezoea kumtambua Mungu kwa kilichoanguka usiku, utakaa na njaa karibu na gunia lililojaa, na utaapa kwamba hayupo.

Nyumbani kwetu uwepo wa Mungu ulikuwa na sauti. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu huanza wimbo akiwasha makaa, mimi namdakia, watoto wanaamka wakinung'unika, tunaomba, tunakunywa chai. Binti yetu amekula mana hiyo maisha yake yote, na hakuna siku aliyoiokota mwenyewe. Juma la kwanza Bukavu aliandika: "Papa, hapa asubuhi hakuna anayeimba. Naomba, lakini ni kama naongea na ukuta."

Nilikaa nikamwandikia maandiko sita na maelezo yake. Kabla sijatuma, mama yake alichukua simu, akasoma, akafuta yote, akaandika: "Basi imba wewe."

Nilikasirika kidogo, nisifiche. Halafu nikarudi kwenye ile aya ya tisa niliyoshindwa kuisema bandarini: "kwa kuwa Bwana, Mungu wako, yu pamoja nawe kila uendako." Uendako. Yoshua aliambiwa hayo akiwa bado ng'ambo hii, mana bado inaanguka, Yordani bado umejaa. Hakuahidiwa kwamba huko aendako dalili zitakuwa zile zile. Kati ya sura ya kwanza na ya tano alipoteza mwalimu wake, akaiacha ng'ambo aliyoizoea, na chakula alichokula miaka yote kikakoma. Mwenye ahadi hakupotea.

Huku kwetu nako mana imekoma, nisiwadanganye kana kwamba natafakari mambo ya watu. Mke wangu bado anapika kwa kipimo cha zamani. Kila jioni kuna donge moja la bugali linabaki kwenye sahani, tunalitazama wote, na hakuna anayesema ni la nani. Mdogo wa binti yetu hulila asubuhi na chai. Mimi niliyemuuguza mama yangu na kumzika, niliyepasua mawe kwa mikono hii, naamka saa kumi na moja na nasikia sauti moja imepungua kwenye wimbo, na wimbo wote unakuwa kama kiti chenye miguu mitatu. Nilidhani msimu mpya ni wa yule aliyepanda boti. Waliobaki bandarini nao wamevuka, ila hawakupewa jile.

Alhamisi usiku binti yetu alipiga simu. Alisema alijaribu. Jumanne alfajiri aliketi kitandani, akaanza wimbo wa mama yake, kwa sauti ya chini kwa kuwa kuta ni za mbao. Kabla ya ubeti wa pili mtu akagonga ukuta kutoka upande wa pili. Akanyamaza, akaona aibu, akaenda zamu bila kumaliza maombi. Jioni jirani alibisha mlango, mama mtu mzima, akauliza kwa nini aliacha. "Si mlinigongea, mama?" "Nilikugongea ushushe. Umeuanza juu mno, ubeti wa tatu usingeufikia." Tangu siku hiyo yule mama ndiye anayeanza. Na amemwazima mbabula, jiko la makaa, kwa sababu binti yangu alikuwa amefika na sufuria mbili na hana pa kuziteleka. Baba mzima nilihesabu mizigo mara tatu, na moto sikuukumbuka.

Niliuliza kama amepungukiwa na kitu kingine. Akacheka. Anataka lile jiwe lake jeusi la kusugulia miguu, alilisahau juu ya ukuta wa choo. Bukavu ni milima na matope mekundu, anasema, wenzake wa zamu wanamtania kwa visigino vyake, na jiwe lenye vitundu kama letu hajaliona kule sokoni.

Nililikuta pale pale alipoliacha. Mama yake alilifunga kwenye karatasi, akaliweka katika mfuko pamoja na chumvi na kanga yake ya zamani, boti ya kesho ibebe. Alipokwenda kulala niliufungua mfuko, nikaangalia, nikaufunga tena.