Asubuhi posho ilipoyeyuka

Nikisema niliwahi kuwa mwambata wa fedha, yaani mhasibu wa ubalozi wetu, Geneva, Uswisi, watu huuliza swali lile lile: "Ulirudi na kiasi gani?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nilikwenda na kiasi gani, nami nadhani hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kupangiwa kituo cha nje, mambo huwa hivi. Mshahara wa msingi haubadiliki. Unabaki ule wa daraja lako na unaingia kwenye akaunti ya nyumbani kama ulivyozoea. Kinachokulisha kituoni ni posho ya utumishi wa nje, na pembeni yake kuna pango, ada za watoto, bima ya matibabu, nauli na mizigo. Balozi ana fungu la kukirimu wageni. Fungu hilo si lake, ingawa nimewahi kuelezana na wakubwa wasiotaka kulisikia hilo.

Mimi ndiye niliyekuwa naandaa malipo ya watu wote wa kituo. Posho zetu zilipangwa kwa dola, kwa waraka mmoja uliokuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya maofisa. Maisha yetu yalikuwa kwa faranga za Uswisi.

Alhamisi ya tarehe 15 Januari 2015 nilikuwa nimeinamia jedwali la malipo. Pembeni, kwa penseli, nilikuwa nimeandika kiwango cha siku: dola moja, faranga moja na ushee. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa inaizuia faranga isipande kupita 1.20 kwa yuro, na sisi tulishazoea, tukaona hali hiyo ni ya kudumu. Saa nne na nusu asubuhi benki ikatangaza kwamba imeacha kuizuia, na faranga ikapaa, dhidi ya yuro na dola pia. Nilifuta kiwango changu, nikaandika kingine, nikafuta tena. Mwishowe karatasi ikatoboka, nikaweka penseli chini. Dola elfu moja, ambazo jana yake zilitoa faranga elfu moja na kidogo, jioni hiyo zilikuwa zinatoa mia nane na kitu.

Dereva wetu alikuwa ameajiriwa pale pale, kwa mkataba wa sheria za pale, na mshahara wake ulikuwa wa faranga. Aliniona nimeshika kichwa, akauliza, "Madamu, kuna msiba?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema basi yeye leo kapandishwa cheo. Alisema kwa utani, lakini ukipiga hesabu kwa dola hakuwa amekosea.

Mwenye nyumba hakujua habari za dola. Shule hali kadhalika. Jioni ile maofisa walipita ofisini kwangu mmoja mmoja, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wanaokuja kukopa, na kweli wawili kati yao walikuja kukopa. Niliandika barua makao makuu kesho yake. Nikaandika nyingine mwezi uliofuata. Jibu lilipokuja lilisema suala "linafanyiwa kazi ndani ya bajeti iliyopo", na ambaye amekaa serikalini anajua hilo maana yake nini.

Ng'ambo ya barabara, majirani zetu wa Umoja wa Mataifa hawakulala macho. Malipo yao yana marekebisho ya kituo: New York ndio msingi, gharama za kila mji zinapimwa dhidi yake, na thamani ya sarafu ikiyumba, kipimo kinasogezwa mwezi hadi mwezi. Si kwamba wao hawana vilio. Mwaka 2017 vipimo vipya viliamua Geneva ipunguziwe, baadhi ya wafanyakazi wakaenda hadi kwenye mahakama ya kiutawala ya Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 2019 wakashinda. Lakini angalau wao walikuwa na kanuni ya kugombania. Sisi tulikuwa na waraka.

Kuna gharama nyingine ambayo haina safu kwenye jedwali lolote nililowahi kujaza. Mume wangu ni mfamasia. Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, unamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi ya faida binafsi katika nchi anakotumikia. Mwenzi wake anaweza kuruhusiwa, ila kuna vibali vyake, na vyeti vya fani kama ya mume wangu vinataka utambuzi wa pale na lugha ya pale. Miaka minne alipeleka watoto shule, akawarudisha, akajifunza Kifaransa, akapika. Mshahara wake ulikuwa umezidi nusu ya pato letu kabla hatujaondoka. Ndugu walipokuwa wanajumlisha posho yangu, hakuna aliyepunguza humo mshahara wa mume wangu uliopotea.

Halafu kuna zile pesa za mwanzo. Nyumba inataka amana, nayo inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Posho ya kuanzia maisha inafika ukishaanza maisha. Nilikopa. Mhasibu wa ubalozi alianza kazi akiwa na deni, na sikumwambia mtu kazini.

Msamaha wa kodi nao hutajwa sana. Upo kweli, kwenye ibara ya 34 ya mkataba huo huo, lakini ibara hiyo inaanza kutaja yasiyohusika hata kabla wino haujakauka, na la kwanza ni kodi zile zilizokwisha kuingizwa ndani ya bei ya bidhaa. Nilikuwa na kabati zima la fomu za kudai marejesho. Wenzangu walikuwa wananiletea stakabadhi zilizofutika maandishi, nami nazielekeza kwenye taa kama mtu anayekagua noti bandia.

Sisemi tuliishi vibaya. Watoto walisoma, tuliona mengi, na mwaka wa mwisho tuliweka akiba kidogo kwa sababu tulishajua kubana. Ila nilipopata taarifa yangu ya pensheni niliitafuta ile miaka minne, sikuiona. Ipo, imehesabiwa, lakini kwa mshahara wa msingi tu, ikiwa imepangwa mstari mmoja na miaka niliyokaa masjala nikipiga mihuri.

Tuliporudi, nililipia sehemu ya mizigo mwenyewe kwa faranga, nikadai. Marejesho yalitoka baada ya miezi minane, yamebadilishwa kwa kiwango cha siku ya kulipwa badala ya siku niliyolipia, na kipande kizuri kilikuwa kimepotelea njiani. Nilipandisha ngazi kwenda kulalamika. Kijana wa malipo alinisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Samahani mama, ndivyo mwongozo unavyosema," akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Mwongozo ulikuwa wa kituo cha Geneva. Sahihi ya chini ilikuwa yangu.